Siku Niliyokufanya Fisi

Hamisi mwanangu,

Salamu sikutumii. Salamu hupelekewa mtu aliye mbali, na wewe uko hapo kwa jirani unawaaga rafiki zako. Nasikia hata mazungumzo yenu yakipita katikati ya migomba. Kuanzia kesho ndiyo utakuwa mtu wa kupelekewa salamu. Leo bado uko kwangu, nami nimekaa barazani na karatasi hizi nilizobakiza shuleni, naandika upesi kabla jua halijatua upande wa Kisongo.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako amekwisha kukuambia habari ya maji, ya blanketi, na ya kutolala karibu na zizi la watu usiowajua. Amekuambia mara tatu, na mara ya tatu nilikuona ukitikisa kichwa kama mbuzi anayefukuza nzi. Mimi nina jambo moja tu. Nimelizunguka miaka kumi, na juzi wewe mwenyewe ulinibana nalo ukutani bila kujua.

Juzi nilikutilia katika mzigo wako kile kifuko cha maharage, mekundu na meupe, ambayo watoto wote wa darasa langu wamejifunzia kujumlisha na kutoa. Nilifikiri, kijana wangu anakwenda Mbulu, amepewa watoto wadogo kabisa, wale ambao hata moja hawajaijua. Ni zawadi gani nyingine mwalimu mzee atampa mwalimu mpya? Wewe ukakitoa kifuko, ukakiweka kizingitini taratibu, ukasema: "Baba, mimi sitacheza na watoto wa watu. Nitawafundisha kwa ubao."

Nikapandwa na hasira. Nikasema umesoma mpaka umekuwa Mdachi, imebaki ngozi tu, na nikalisema kwa sauti ili majirani nao wapate kusikia. Neno lile nalirudisha, Hamisi. Hukustahili.

Baadaye mama yako alinifuata nilipokuwa nafunga mbuzi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Hamisi hajacheza tangu Nasieku aondoke. Wewe unayefundisha watoto kwa michezo, hukuliona hilo?" Kisha akaenda zake jikoni. Nilisimama pale na kamba mkononi mpaka mbuzi akaniponyoka.

Sasa niache nianzie mbali, kwa sababu nikianzia karibu nitakimbia.

Unajua nilivyofika nchi hii, lakini unajua kwa mdomo wangu, na mdomo wangu hunipendelea. Nimekuwa nikikusimulia kana kwamba niliichagua Arusha. Ukweli ni kwamba niliachwa. Nilikuwa mpagazi kijana katika msafara uliotoka Pangani, kidonda cha mguu kikaoza, na wenzangu wakanibwaga Sokon kwa mzee mmoja Mwarusha, wakamwachia na doti mbili za kaniki kwa usumbufu. Mzee huyo ndiye babu yako. Kwetu husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuja, na mwenyeji ndiye akaniponya. Koko, bibi yako, alinilisha loshoro, mahindi yake na maziwa yake ya mgando, na mimi mtoto wa pwani niliyezoea wali wa nazi nilifumba macho nikameza. Siku ya nne nilikuwa natafuta bakuli mwenyewe. Mguu ulipona kabla ya mvua kwisha, ila niliendelea kuchechemea kidogo, maana aliyekuwa akiniletea maji ya kuosha kidonda alikuwa mama yako.

Jioni moja ng'ombe wakiingia zizini, mimi nikaanza kuwahesabu kwa sauti, nikiwanyooshea kidole mmoja mmoja, ili mwenye mali aone kuwa mgeni wake ana faida. Sikufika saba. Babu yako aliniziba mdomo kwa kiganja kizima kilichonuka samli. Kisha akanieleza, kwa upole kuliko nilivyostahili, kwamba hapa chenye pumzi hakihesabiwi. Si ng'ombe, si mbuzi, sembuse mtoto. Ukiitaja idadi yao umemwonyesha mwenye jicho baya mahali pa kupunguza. Nikamwuliza, sasa anajuaje kama wametimia? Akatazama zizi mara moja tu, akasema yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda hayumo. Vijana wakatumwa, wakamkuta amekwama kwenye tope la kijito.

Badala ya kujifunza, nilicheka moyoni. Nikasema, washamba hawa, hata saba hawaijui. Mshamba nilikuwa mimi, ila nilikuwa na kanzu.

Wadachi walipomaliza boma lao na kufungua shule, walitafuta mtu ajuaye kuandika, wakanipata. Wakanipa watoto wadogo, kwa sababu hakuna mwalimu mwingine aliyewataka. Miezi ya kwanza niliwafundisha kama nilivyofundishwa mimi katika chuo cha Kurani, kwa kuimba na kwa kifimbo. Moja, mbili, tatu, mpaka ishirini, wanapanda nazo na kushuka nazo, sauti nzuri hata wapita njia walisimama kusikiliza. Lakini nikiweka vijiti vitano mezani, nikaondoa viwili na kuuliza vimebaki vingapi, darasa zima lilitazama paa.

Aliyenifungua macho ni wewe. Sidhani kama unakumbuka, ulikuwa na miaka minne. Nilikuwa nimechoma ndizi nne ndogo kwenye majivu, tukakaa wawili, nikakuuliza, ukila moja zitabaki ngapi? Ukala moja. Ukatazama, ukasema tatu. Ukila nyingine? Ukala, ukasema mbili. Nikaona mambo yanakwenda, nikageuka kuongeza kuni, na nilipogeuka tena ulikuwa umefuta mdomo. "Hakuna," ukasema, kabla sijauliza. Jibu lilikuwa sahihi na mimi nililala na maji ya moto. Lakini usingizi ulichelewa kwa furaha. Nilikuwa nimeona kwamba mkono wa mtoto unajua kutoa siku nyingi kabla mdomo wake haujajua.

Tangu hapo tulicheza kila siku. Nilikuwa nafunika maharage chini ya kata ya kuchotea maji, nabakisha mengine nje, unaniambia yaliyofichwa ni mangapi. Ulipoona huwezi ulikuwa unaipiga kata kwa kidole usikilize, na nilipokukataza ukajifanya unapiga chafya ili kata ipinduke. Tulichimba mashimo udongoni tukacheza bao la watoto, kete zake kokoto za kijitoni. Tulikwenda na mama yako kukata ndizi, wewe unahesabu mikungu aliyoibeba na ile aliyoiacha. Mwanangu, nimefundisha watoto wengi tangu hapo, lakini sijawahi kuwa mwalimu mwenye raha kama miaka ile, uani kwangu, na mwanafunzi wangu amepakaa majivu mpaka kwenye nyusi.

Halafu mdogo wako Nasieku akakua, akajiunga nasi.

Jina lake, la mtoto aliyewahi, alipewa na Koko, kwa sababu alizaliwa mapema, kabla hata mkunga hajavuka kijito. Kila kitu alikifanya kwa haraka hivyo hivyo. Alihesabu moja, mbili, tano, kwa sababu tano aliipenda na hakuona sababu ya kuisubiri. Na kutoa alikataa kabisa. Nikiondoa harage moja na kumwuliza limekwenda wapi, alisema limekwenda kumsalimu Koko, litarudi kesho na maziwa. Wewe ulikuwa unamkaripia, unamwambia, "Sema yamebaki matatu," naye anakujibu kwamba yamebaki matatu na moja liko njiani. Mpaka leo shuleni nafundisha hivyo. Watoto wanadhani ni ubunifu wa mwalimu.

Alikuwa na miaka mitano na wewe saba, mwalimu mkubwa Mdachi alipotangaza kwamba atakuja kuwasikiliza watoto wadogo wakijumlisha na kutoa. Niliingiwa na hofu. Maharage yalikuwa mazuri kwa mtoto mmoja au wawili, lakini nilitaka jambo la kuonekana, la watoto wote kwa pamoja, la kumfanya mzungu acheke na kuandika jina langu kwenye kitabu chake. Nikakaa siku mbili nafikiri, na nilipolipata nikaliona ni la ajabu. Nikataka nilijaribu kwanza nyumbani.

Nikachota majivu jikoni, nikachora duara uani, nikasema hili ni zizi. Nikamwingiza Nasieku na watoto wanne wa jirani, nikasema nyinyi ni ng'ombe. Wewe ulikuwa mkubwa kuliko wote na ulijua kuiga sauti ya fisi kuliko fisi wenyewe, nikakuweka nyuma ya mgomba. Ng'ombe watano, fisi kaja kachukua mmoja, wamebaki wangapi? Wanne, wakaitikia wote. Fisi ameogopa moto, amemrudisha, wanne na mmoja? Watano. Watoto ambao jana walikuwa wanatazama paa walijibu kabla sijamaliza kuuliza. Na kila ulipotoka kwenye mgomba Nasieku alikuwa mbele ya wenzake akijisukuma: "Nichukue mimi, kaka. Nichukue mimi." Ulimbeba kwapani mpaka kwenye mgomba, naye anacheka mpaka kwikwi. Sijasikia kicheko kingine kama kile, na jioni ile nilikuwa na furaha kamili.

Mama yako alirudi na mkungu wa ndizi mgongoni. Aliutua, akatazama, akaelewa. Akaja karibu ili watoto wasisikie.

"Mume wangu," akasema, "hesabu maharage, hesabu vijiti, hesabu na ndizi zangu ukitaka. Watoto wangu usiwahesabu."

Unanijua ninavyokuwa nikiwa na watazamaji. Nikamjibu kwa sauti kwamba kwenye hesabu anayetolewa anarudishwa, ndiyo uzuri wake, na watoto wakacheka bila kujua wanachokicheka. Mama yako hakucheka. Alilifuta duara kwa mguu wake mpaka likaisha, akaingia ndani.

Sasa nakuomba usome hapa polepole, Hamisi, kwa sababu sijui wewe unapakumbuka vipi. Kesho yake mama yako alikwenda shamba. Nikachora duara lingine. Watoto wa jirani walikuja, Nasieku akaingia zizini, wewe ukabaki umesimama mlangoni na hukwenda kwenye mgomba. Ukaniambia, "Baba, mama amekataza." Nikakujibu, "Mimi ndiye mwalimu hapa. Mchukue mdogo wako."

Ukaenda ukamchukua. Hukuiga sauti ya fisi siku hiyo. Niliona, nikadhani umechoka.

Mwezi haukuisha, masika yakaingia na homa. Nasieku aliugua siku chache. Sitaandika habari za siku zile, maana ulikuwepo, na mimi machozi yataharibu karatasi ambayo sina nyingine. Nasema tu kwamba nilimpenda mtoto yule, na kwamba tangu azikwe hapo chini ya kilima haijapita Ijumaa nisimwombee.

Nataka ulisikie hili kutoka kwa mtu anayejua hesabu: homa ndiyo iliyomwua. Masika yale iliwachukua watoto kuanzia hapa mpaka Kikwe, waliohesabiwa na wasiohesabiwa, wa Waislamu, wa misheni na wa wasiokuwa na dini. Sikuamini wakati ule kwamba mchezo uliua, na siamini leo. Lakini mtoto wa miaka saba hapigi hesabu ya namna hiyo. Yeye anajua kwamba alimchukua mdogo wake zizini, na kwamba mdogo wake hayupo.

Hayo bado siyo kosa langu. Kosa langu ni hili.

Siku ya tatu baada ya maziko, Koko na wajomba zako walikuja kutoka Sokon, wakakaa uani. Majirani walikuwa wamekwisha kusema kwamba watoto walihesabiwa. Mjomba wako mkubwa akauliza, kwa adabu, bila kumtazama mtu: nani aliwahesabu watoto? Mama yako aliinamisha kichwa. Alikuwa ananipa nafasi ya kujibu mwenyewe. Wewe ulikuwa umekaa kizingitini, mikono kati ya magoti.

Nikasema, "Watoto walikuwa wanacheza wenyewe. Mimi nilikuwa shuleni."

Nilisema hivyo, Hamisi. Niliogopa. Niliogopa kwamba watamchukua mama yako warudi naye Sokon, na nitabaki mtu wa pwani aliyeachwa mara ya pili, safari hii bila kidonda cha kunitetea. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini nilikuwa mtu mzima, na nilimtupia mtoto mzigo wangu ili mikono yangu ionekane mitupu.

Uliinua macho ukanitazama. Koko akakuita, akakuuliza kwa Kimasai kama wewe ndiye uliyekuwa fisi, nawe ukaitikia kwa kichwa. Akachukua maziwa kwenye kibuyu, akakunyunyizia kifuani na kichwani, akakutemea mate ya baraka, akakuombea kama anavyoombewa mtu aliyekosa bila kukusudia. Walikutendea kwa upendo. Hakuna aliyekulaumu, hakuna aliyekugusa kwa ubaya. Lakini ulisafishwa kosa langu mbele yangu, ukiwa umeloa maziwa na unatetemeka kwa baridi ya masika, na mimi nikasema moyoni kwamba mtoto husahau.

Ulikuwa mwerevu wa hesabu kuliko watoto wote niliowafundisha, na hukukaa tena chini kwenye bao. Wenzako walipochimba mashimo wewe ulikuwa na kibao chako pembeni, unaandika. Nilijisifu kwa watu. Nikasema kijana wangu ni mtulivu, ana akili za utu uzima. Mwalimu mkubwa Mdachi alipokusifu niliongezea chumvi. Wa kwetu husema mficha maradhi, kifo humwumbua. Mimi niliyaficha ya kwako nikayaita sifa njema.

Na mimi mwenyewe, je? Mimi nilibadilika upande ulionifaa. Sikuwahesabu tena watoto, hata wa kuingia darasani. Nilijifunza kusimama mlangoni kama babu yako zizini, nikawatazama nyuso, nikajua asiyekuwepo kwa jina lake. Nilikwenda kwa wazazi nikauliza wao wanahesabu nini na hawahesabu nini, jambo ambalo ningeliuliza mwanzo nisingepungukiwa na kitu, maana kuuliza si ujinga. Nikatumia maharage, magunzi ya mahindi, kokoto, na vifundo vya kamba kwa watoto wa wafugaji, ambao vidole vyao vinaelewa kamba kabla ya kitu kingine. Wazazi waliokuwa wamewaondoa watoto wao waliwarudisha. Watu wakasema Mwalimu Mbaruku amekuwa mtu mzuri. Niliupata uzuri huo nikiwa nimesimama juu ya kichwa chako, na hakuna mtu mzima aliyekuwa anajua ila mama yako.

Leo asubuhi, ulipokwenda kuchukua barua yako ya njia bomani, nilikwenda Sokon. Nilimwomba mama yako tufuatane, akakubali. Tulimkuta Koko anapukuchua mahindi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanisukumia ungo nisaidie, kama anavyofanya siku zote ili mkwe wake asijione mgeni. Nikapukuchua gunzi moja zima kabla sijaweza kufungua mdomo.

Nikamwambia kwamba siku ile sikuwa shuleni. Nikamwambia duara nililichora mimi, mara mbili, na mara ya pili mtoto alikataa nikamlazimisha.

Mikono ya Koko iliendelea na mahindi, kisha ikaacha.

"Kwa hiyo nilimsafisha asiyekuwa na kosa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na ulikuwa unatazama."

"Nilikuwa natazama."

Nilitegemea anifukuze. Nilikuwa nimekwisha kujiandaa, nimevaa hata kanzu nzuri ya kufukuziwa. Badala yake alimgeukia mama yako, akamwuliza kama naye alijua. Mama yako akasema mara ya kwanza aliona kwa macho yake, na mara ya pili aliambiwa na mtoto wa jirani. Akasema alinyamaza ili nyumba isivunjike, na kila mwaka ulivyopita ndivyo maneno yalivyozidi kuwa mazito, na yeye ana lake la kukuambia, atakuambia mwenyewe. Alilia. Miaka yote kumi sikuwa nimemwona analia kwa ajili ya jambo hilo, na nilielewa kwamba alikuwa akienda kulilia kwingine.

Koko akaniuliza, "Kijana ameambiwa?"

Nikasema bado.

"Sasa umekuja kwangu kufanya nini? Mimi ni mzee, nimekwisha kulia. Yeye anaondoka kesho. Nenda kwake."

Basi ndiyo hii barua. Nilitaka kukuambia kwa mdomo, lakini nimekwambia mdomo wangu hunipendelea. Mdomo ungeanza kusema kweli, na ukifika katikati ungetafuta pa kucheka. Karatasi hainichekei.

Huko Mbulu utakuta watu wa mifugo, na bila shaka wana miiko yao juu ya kuhesabu, ambayo mimi siijui. Waulize kabla hujaandika namba ya kwanza ubaoni. Ukiamua kufundisha kwa ubao, fundisha kwa ubao; wapo walimu wema wa namna hiyo. Lakini usiwe umeacha kucheza na watoto kwa sababu unaogopa mikono yako. Mikono yako haikumpeleka Nasieku popote. Ilimbeba mpaka kwenye mgomba na kumrudisha, kila mara, kama alivyotaka mwenyewe. Ulikuwa kaka mwema kwake. Ulimtetea siku ambayo baba yake hakumtetea, ukiwa na miaka saba, ukisimama mlangoni peke yako mbele ya mwalimu. Mimi nilikuona, na sikusema mpaka leo.

Baba wengine huandika kwamba barua ifunguliwe baada ya kufika. Mimi sitafanya hivyo. Ningependa sana, maana ungekuwa na hasira yako mbali na mimi, nami ningekaa hapa nikijiambia kwamba umenisamehe. Kwa hiyo nakuletea sasa hivi, bado kuna mwanga wa kusomea. Nakusikia umekwisha kuingia chumbani. Isome yote. Mimi nitakuwa nje ya mlango, nimekaa chini, na sitaondoka hata wakiadhini. Ukimaliza, toka. Kama una swali nitalijibu, na kama una hasira, toka nayo, usiende nayo Mbulu.

Baba yako,
Mbaruku